Je, maziwa yangu pekee yanamtosha mtoto wa wiki tano?

Swali: Nina umri wa miaka 24 na mwanangu wa kwanza ana wiki tano. Namnyonyesha maziwa yangu tu, lakini kila jioni analia sana na anataka kunyonya kila baada ya muda mfupi. Mama mkwe, ambaye amekaa nami tangu nilipojifungua na ananitunza vizuri, anasema maziwa yangu ni mepesi, hayamshibishi mtoto, na kwamba kwa joto hili la Morogoro anastahili kupewa maji na uji mwepesi. Ananikumbusha pia kwamba mimi na mume wangu tusikutane kimwili mpaka mtoto aanze kutembea, asije akabemendwa, yaani akadhoofika kwa sababu wazazi wake wamekutana angali ananyonya. Mimi ni mwajiriwa, na likizo yangu ya uzazi itakwisha mtoto akiwa hajatimiza miezi mitatu. Naomba kujua: je, maziwa yangu pekee yanamtosha? Na yana faida gani kwake na kwangu, kiasi cha mimi kuthubutu kukataa ushauri wa mzazi?

Jibu: Dada yetu, hongera kwa kujifungua salama, na umefanya vema kuuliza kabla mtoto hajaonjeshwa uji. Jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo: maziwa yako ni chakula na ni maji ya kumtosha mwanao mpaka atimize miezi sita, mradi anyonye kila anapotaka, usiku na mchana, na awe amelishika titi ipasavyo. Huo ndio mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, na ndio unaofuatwa katika kliniki za mama na mtoto hapa Tanzania: mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka afikishe miaka miwili au zaidi. Katika miezi hiyo sita hapewi maji, uji, asali, maziwa ya ng'ombe wala dawa ya chango. Kinachoruhusiwa ni chanjo, na dawa atakazoandikiwa na mhudumu wa afya.

Mama mkwe wako ameona mambo ambayo ni kweli. Mtoto analia, ananyonya mara kwa mara, na maziwa yanaonekana mepesi. Tatizo liko kwenye tafsiri. Maziwa yanayotoka mwanzoni mwa kunyonya huwa na mafuta kidogo, kwa hiyo ukiyakamua kwenye kikombe utayaona mepesi, pengine yenye rangi ya samawati kwa mbali. Kadiri titi linavyoendelea kunyonywa, mafuta huongezeka na maziwa huwa meupe na mazito zaidi. Mtoto anayahitaji yote. Ndiyo maana tunashauri aachwe amalize titi la kwanza, aliachie mwenyewe, ndipo apewe la pili, badala ya kumhamisha baada ya dakika chache. Na kuhusu joto, karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Siku ya jua kali mtoto mwenye kiu hunyonya mara nyingi zaidi na kwa muda mfupi mfupi, na kila mara hupata maji yasiyohitaji kuchemshwa wala kuchujwa. Anayehitaji kunywa maji ya ziada nyumbani kwenu ni wewe.

Jambo ambalo ningependa ulielewe kuliko yote ni namna maziwa yanavyopatikana, kwa sababu hapo ndipo akina mama wengi wanapopoteza maziwa yao bila kujua. Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka taarifa kwenye ubongo, na tezi iliyo chini ya ubongo huachia homoni mbili. Ya kwanza, prolaktini, huliamuru titi litengeneze maziwa, na hutoka kwa wingi zaidi usiku. Kwa hiyo mama anayeacha kunyonyesha usiku anajipunguzia maziwa ya kesho. Ya pili, oksitosini, hubana vifuko vidogo vilivyomo ndani ya titi ili maziwa yashuke. Hii ya pili huitikia sana hali ya moyo: maumivu, hofu na maneno ya kukatisha tamaa huichelewesha, na kumpakata mtoto, kumnusa au kumsikia akilia huichochea. Zaidi ya homoni hizo, titi lenyewe lina namna yake ya kujipima, kwani likibaki limejaa hupunguza kutengeneza, na likitolewa maziwa mara kwa mara huongeza.

Sasa tazama kinachotokea uji unapoingia. Mtoto anapewa vijiko kadhaa saa kumi na mbili jioni, tumbo lake dogo linajaa kitu ambacho halijawa tayari kukimeng'enya, analala muda mrefu, na nyumba nzima inafurahi kwamba sasa ameshiba. Usiku ananyonya mara moja badala ya mara tatu au nne. Matiti yanabaki yamejaa, na mwili wako unapokea taarifa kwamba mahitaji yamepungua. Baada ya wiki moja au mbili unaona matiti yamelegea, mtoto analia zaidi, anaongezewa uji, na kila mtu anasema, "Tulisema maziwa hayatoshi." Kwa wakati huo watakuwa wanasema kweli, lakini upungufu huo utakuwa umeletwa na uji. Wanawake ambao miili yao haiwezi kabisa kutengeneza maziwa ya kutosha wapo, nao wanastahili msaada bila lawama, ila ni wachache sana kuliko wanaoambiwa hivyo.

Kilio cha jioni kina maelezo yake. Watoto wengi, wanaonyonya titi na wanaotumia chupa vilevile, huzidisha kulia kuanzia kama wiki ya pili, hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua taratibu. Na saa wanazopendelea ni hizo za jioni. Wazee huita chango. Katika kipindi hichohicho mtoto hupitia siku anazotaka kunyonya karibu kila saa, na kwa kufanya hivyo anayaongeza maziwa ili yalingane na ukuaji wake. Mruhusu. Mcheulishe baada ya kunyonya, mlaze kifuani kwako ngozi kwa ngozi, tembea naye, na akikushinda mikono mpe bibi yake ambebe.

Kulia si kipimo cha njaa, na hata matiti kuwa laini au kukamua maziwa kidogo kwa mkono si kipimo cha upungufu. Vipimo vya kuaminika ni viwili. Cha kwanza ni mkojo: mtoto wa umri wa mwanao anayepata maziwa ya kutosha hukojoa mara sita au zaidi kwa saa 24, na mkojo wake haukolei rangi wala haunuki sana. Cha pili ni uzito. Ni kawaida mtoto kupungua kidogo siku za mwanzo, lakini kwa kawaida huwa ameurudia uzito wake wa kuzaliwa afikapo wiki mbili hivi, na baada ya hapo anatakiwa aongezeke angalau nusu kilo kila mwezi katika miezi hii sita. Namba za uzito wake zimo kwenye kadi yake ya kliniki. Siku ya mahudhurio nenda na mama mkwe, mwombe muuguzi awaoneshe nyote wawili mstari wa ukuaji unavyopanda, na yeye aulize maswali yake hapohapo. Nimeona mara nyingi kwamba bibi akishaelewa ule mstari huwa mtetezi mkubwa wa maziwa ya mama kuliko hata muuguzi.

Kama uzito haupandi vizuri, kabla ya kulaumu maziwa angalia jinsi mtoto anavyolishika titi. Keti umeegemea, mlete mtoto kwenye titi badala ya kulipeleka titi kwa mtoto, tumbo lake liguse tumbo lako, kichwa na mwili viwe kwenye mstari mmoja. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, subiri apanue kinywa hasa, kisha msogeze haraka ili achukue chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka. Akishika sawasawa, kidevu chake hugusa titi, mdomo wa chini huwa umepinduka kwa nje, mashavu huwa ya mviringo bila kubonyea, na weusi unaobaki kuonekana huwa mwingi juu ya mdomo kuliko chini. Utamsikia akimeza. Ukihisi maumivu yanayoendelea, au chuchu ikitoka imebanwa na kuchanika, ameshika chuchu tupu: ingiza kidole safi pembeni mwa kinywa chake, mwachishe, uanze upya. Marekebisho haya madogo hutatua malalamiko mengi ya maziwa kutotosha, na mkunga wa zahanati anaweza kukuelekeza kwa dakika chache.

Sasa nije kwenye faida, kwa sababu umeuliza kama zinatosha kukufanya ukatae ushauri wa mzazi. Faida ya kwanza mwanao alianza kuipata siku aliyozaliwa, kama alinyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya rangi ya njano ambayo katika baadhi ya familia bado hukamuliwa na kumwagwa yakidhaniwa kuwa ni machafu. Ni machache, kiasi kama cha kijiko cha chai kwa mnyonyo mmoja, lakini yamejaa kingamwili na vitamini A. Kinga hiyo haikuishia kwenye dang'a. Wewe na mwanao mnavuta hewa ya nyumba moja na mnakutana na vijidudu vilevile. Chembe za kinga zilizokutana navyo kwenye utumbo wako na kwenye njia ya hewa husafiri mpaka kwenye matiti, na humo hutengeneza kingamwili zinazoingia kwenye maziwa. Kwa hiyo mtoto anapokea ulinzi dhidi ya magonjwa yaliyopo pale anapoishi, wakati huohuo anapoyahitaji. Maziwa yana pia aina za sukari ambazo mtoto mwenyewe hazimeng'enyi; kazi ya sukari hizo ni kulisha bakteria wazuri wa utumboni, nao huwanyima nafasi wale wanaoleta maradhi.

Ndiyo maana watoto wanaonyonya maziwa ya mama pekee huharisha mara chache zaidi, hupata nimonia kwa nadra zaidi, na wanapougua hupona upesi zaidi kuliko wanaochanganyiwa. Maji yanayoonekana masafi kwenye ndoo, kikombe kilichosuuzwa kwa haraka, kijiko kilichofutwa kwa upindo wa kanga: hivyo ndivyo vijidudu vya kuhara hupita kumfikia mtoto wa wiki tano ambaye asingekutana navyo kwenye titi. Uchambuzi mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba, kama unyonyeshaji ungefikia karibu kila mama duniani, vifo vya watoto 823,000 wenye umri chini ya miaka mitano vingeepukwa kila mwaka. Hapa kwetu hatua imepigwa: tafiti za kitaifa za afya zilionesha kwamba mwaka 2004-05 asilimia 41 tu ya watoto wa chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee, mwaka 2015-16 wakafika asilimia 59, na mwaka 2022 asilimia 64. Una wenzako wengi katika hili.

Faida zako wewe hazisemwi vya kutosha, na hilo linanisikitisha, kwa sababu wanawake huambiwa wanyonyeshe kama sadaka kwa mtoto tu. Unakumbuka maumivu ya tumbo ya kubana yaliyokujia siku za kwanza kila mtoto aliponyonya? Ile ilikuwa oksitosini ikiukaza mfuko wa uzazi, na kukaza huko hupunguza kutokwa damu na kuurudisha mfuko kwenye ukubwa wake wa kawaida. Hedhi pia huchelewa kurudi, kwa hiyo mwili hupata muda wa kujaza upya damu na madini ya chuma uliyotumia wakati wa ujauzito. Kwa miaka ya mbele kuna kinga kubwa zaidi: uchambuzi wa mwaka 2002 uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30 ulionesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha, ukijumlisha watoto wote wa mama mmoja, hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4.3, mbali na upungufu unaotokana na kuzaa kwenyewe. Saratani ya ovari na kisukari cha aina ya pili navyo huonekana kwa uchache zaidi kwa wanawake walionyonyesha. Sitaji sana gharama ya maziwa ya kopo, kwa sababu wewe mwenyewe umeiona dukani.

Kuhusu kubemenda naomba nieleze kwa utaratibu, kwa kuwa ni imani inayoheshimika na ndani yake kuna jambo ambalo wazee waliliona sawasawa. Maziwa hutengenezwa ndani ya titi kutokana na virutubisho vilivyomo kwenye damu, na hakuna njia yoyote ya kuunganisha mfuko wa uzazi na titi. Mbegu za mwanaume haziwezi kuingia kwenye maziwa wala kuyaharibu. Lakini wazee waliona watoto ambao mama zao walishika mimba mapema wakikonda, ngozi ikilegea na kuchelewa kutembea. Walichokiona kilikuwa kweli. Sababu yake ni kwamba mtoto huyo aliachishwa ziwa ghafla, akapewa uji mtupu, akapata utapiamlo na maradhi. Kinachomlinda mtoto, kwa hiyo, ni kuachanisha uzazi, na hilo linawezekana bila wanandoa kutengana mwaka mzima. Wengi hurejea kukutana baada ya wiki sita hivi, mama akiwa amepona na yuko tayari. Na ukiona mtoto yeyote mwenye dalili zinazoitwa kubemendwa, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo akapimwe uzito na kuchunguzwa, maana siku zinazopotea kutafuta nani amekosea ndizo zinazomwangamiza.

Kunyonyesha kwenyewe hukinga mimba kwa takriban asilimia 98, ikiwa masharti matatu yametimia kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi sita, hedhi haijarudi, na ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana bila kuachiana muda mrefu. Sharti moja likivunjika, kinga hiyo haitegemewi tena. Kwa kuwa utarudi kazini na mtoto atakaa saa nyingi bila kunyonya, nenda kliniki kabla ya hapo uchague njia nyingine. Kijiti, kitanzi, na vidonge vyenye kichocheo kimoja havipunguzi maziwa.

Kwa wasomaji wanaoishi na virusi vya UKIMWI, niseme kwamba nao wananyonyesha. Mama anayetumia ARV kila siku bila kukosa, na ambaye wingi wa virusi umeshuka, ana uwezekano mdogo sana wa kumwambukiza mtoto kupitia maziwa, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unamshauri anyonyeshe angalau miezi 12 na anaweza kuendelea mpaka miezi 24 au zaidi. Kwake yeye kuchanganya maziwa na vyakula vingine ndani ya miezi sita ya kwanza ni hatari zaidi, na mtoto lazima apewe dawa kinga na vipimo kwa ratiba ya kliniki.

Mtori, supu na uji wa pilipili manga anaokupikia mama mkwe endelea kuvila kwa shukrani. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula cha ziada, kiasi cha mlo mdogo mmoja zaidi kwa siku, wenye maharage, dagaa, mboga za majani na matunda. Kinachoongeza maziwa, hata hivyo, ni mtoto kunyonya, na ukimweleza mzazi kwamba msaada wake mkubwa ni kukulisha wewe ili wewe umlishe mjukuu, hutakuwa umemkatalia heshima.

Kuhusu kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kutumia muda usiozidi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, kumnyonyesha mtoto. Ombi lako liandike kwa barua kabla ya kurudi, ukitaja saa unazopendekeza. Wiki mbili kabla, anza kujizoeza kukamua: nawa mikono kwa sabuni, weka kidole gumba na cha shahada kwenye ukingo wa weusi, sukuma kuelekea kifuani kisha minya na kuachia, ukizunguka titi lote, na kinga kwa chombo kilichochemshwa chenye mfuniko. Kwenye joto letu yatumike ndani ya saa nne kama hayakuwekwa kwenye baridi. Kwenye friji hudumu mpaka siku nne. Yasichemshwe: chombo kiwekwe ndani ya bakuli la maji ya moto mpaka yapate uvuguvugu. Mlezi ampe mtoto kwa kikombe kidogo, kwa sababu chupa ni ngumu kusafisha na humzoesha mtoto unyonyaji mwingine unaomfanya alikatae titi. Alfajiri, jioni na usiku mnyonyeshe mwenyewe, na kazini ukamue kila baada ya saa tatu hivi ili maziwa yasipungue.

Mpeleke mtoto kituo cha afya bila kusubiri tarehe ya kliniki endapo anakojoa chini ya mara sita kwa siku, analala mno na hata ukimwamsha hanyonyi, ana homa, anapumua kwa shida, macho au ngozi imekuwa ya njano, au uzito wake umesimama. Na wewe ukipata uvimbe wenye maumivu na joto kwenye titi pamoja na homa, endelea kumnyonyesha kwenye titi hilohilo ili lisizidi kujaa, na uende kutibiwa ndani ya siku hiyo.